Dua ya Bi Hasina

Mashuka ya jana yalikuwa hayajaisha, na ya leo yalikuwa yameshamwagwa mlangoni. Bi Hasina alishika ncha mbili, Warda akashika mbili za upande wa pili, wakalikung'uta shuka kwa nguvu na kulilisha kwenye pasi kubwa ya rola. Mvuke uliwapanda hadi mitandio ikawaganda shingoni.

"Haya Kahaso, jana ulituacha pabaya," Bi Hasina alisema. "Yule mama mkwe alijua kuwa mke wa mwanawe ni mtoto wa mtumishi?"

Kahaso, mtu wa Taru, ndiye aliyekuwa na runinga kwake Ukunda. Usiku hutazama tamthilia ya Kituruki, asubuhi huwasimulia wenziwe wa londri, na hakuna hoteli Diani nzima iliyokuwa na londri yenye kuwajua Waturuki kama ile.

"Alijua! Na ubaya wake, hakusema kitu. Alimkumbatia."

"Aka! Mtu wa kukumbatia hivyo ni wa kumkimbia."

"Nyinyi mwalilia Waturuki wasiowajua," Menza wa mashine za kukaushia alidakia. "Mimi timu yangu Jumapili imenifunga koo, hata wali haukupita."

"Timu yako ina mwaka wa ngapi ikikuua, na bado u hai?" Kahaso alimjibu, wakacheka.

Warda alicheka pia, lakini mkono mmoja aliuegemeza kwenye meza. Bi Hasina aliuona, akavuta shuka taratibu zaidi. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

Warda alikuwa na mimba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alimwambia huyu wa pili naye hana njia nyingine. Kadi ya matibabu aliipata kwa mkataba wa hoteli. Mkataba ukikatika, na kadi imekwenda. Mume alikuwa akilima vibarua Kikoneni, hawezi kulipia kisu cha daktari hata auze jembe. Mikataba ya msimu ilikuwa ikikaribia kusainiwa upya. Warda alitaka kusaini kabla tumbo halijaonekana, basi. Sheria ya kumlinda mja mzito ipo, naam, imeandikwa vizuri sana. Lakini pale hotelini hakuna mwanamke mwenye tumbo aliyewahi kuitwa kusaini tena, na hakuna aliyewahi kuambiwa kuwa ni kwa sababu ya tumbo.

Mchana huo wa Ijumaa alikuja Beryl, afisa wa wafanyakazi, msichana aliyeletwa kutoka Nairobi, akiwa na sinia la mahamri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuja kuudhi baadaye.

"Sasa, familia! Ni ile time yetu. Kila mtu atuambie ame-enjoy kutazama nini wiki hii, alafu nyumbani kukoje. Mko free kabisa."

Watu wa huku ukiwauliza habari za nyumbani hujibu salama, hata kama ndani mna maiti. Salama hutangulia, ndipo ije "ila". Beryl alikuwa ameshajifunza kuingoja hiyo ila, kichwa amekilaza upande kama mtu asikilizaye simu mbovu.

Menza alisimulia mpira wake. "Nyumbani salama, ila mama sukari imemla jicho moja."

Kahaso alimwaga Waturuki wake wote. "Salama, ila ng'ombe wamekwisha kwa ukame. Mzee wangu sasa achoma makaa."

Bi Hasina alisema yeye ni mtu wa redio, kipindi cha salamu. "Juzi nikasikia mtu amsalimu dada yangu wa Tiwi. Hana habari kuwa tulimzika mwaka jana. Nikaitikia mimi. Nyumbani salama, ila paa lavuja."

Warda alisimama, akataja filamu ya Kihindi aliyoitazama kwa simu ya jirani. "Nyumbani salama," alisema, akaketi.

Beryl alingoja. Ila haikuja.

"Poa. Mama, tufungie na dua?"

Bi Hasina ndiye aliyewasomesha dini akina mama wenziwe kule Tiwi, na dua yake ilijulikana. Hakuwa mtu wa kuomba kwa jumla. Kila mtu alimtaja kwa haja yake, maana aliona haya kumtuma mja mbele ya Mola wake mikono mitupu. Alifumba macho, akakunjua viganja.

"Ya Rabbi, mama yake Menza umrudishie nuru. Kina Kahaso uwateremshie mvua. Na mwanangu Warda, ya Rabbi, umvushe salama, yeye na hicho ulichomjaalia tumboni."

"Amin," waliitikia wote, na Menza aliyekuwa Mkristo alikuwa wa kwanza.

Viganja vya Bi Hasina vilikuwa havijafika usoni alipojisikia. Alifumbua macho. Warda alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, iliyokunjuliwa bado.

"Aww, Warda! Kumbe! Hongera, mama!" Beryl aliruka, akamkumbatia.

Kahaso alimtazama Bi Hasina.

Siku ya kusaini, waliitwa mmoja mmoja. Warda hakuitwa. Jioni aliambiwa arudishe sare. Wageni wamepungua, alielezwa, na idara yabana matumizi. Bi Hasina alimkimbilia getini, viatu mkononi.

"Mwanangu, ni mimi. Ni ulimi wangu huu."

"Uliniombea, mama," Warda alisema. "Mtu aliyekuombea utamwambia nini?" Akaufunga mtandio wake vizuri, akashika njia. Angalimtukana, Bi Hasina angalilala usiku ule.

Jumatatu msichana mpya alikuwa ameshika ncha za upande wa pili wa shuka. Bi Hasina alilitua shuka, akapanda ofisini kwa Beryl.

"Mwasema wageni wamepungua. Yule wa chini ni mgeni wa nani?"

"Mama, wallahi si mimi," Beryl alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Niliulizwa tu nani yuko na nini huko chini. Nikasema. Sikujua wata-... Ni mambo ya juu."

"Juu wapi, mwanangu?"

Beryl alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

Ijumaa sinia likaja, mahamri yakiwa makubwa zaidi. Beryl alisalimu kwa shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza habari.

Menza alisema timu yake imeshinda. "Nyumbani salama."

"Na mama? Macho yake?"

"Salama."

Kahaso alisimulia jinsi bibi harusi alivyofukuzwa usiku na mama mkwe akalia mbele za watu. "Nyumbani salama," alimaliza. Msichana mpya aliwatazama, akaelewa ilivyompasa, naye akasema salama. Beryl alikilaza kichwa upande, akangoja, akangoja. Mahamri yalikaa yakipoa.

"Basi... mama, dua?"

Bi Hasina alikunjua viganja. Midomo ilimchezacheza, lakini sauti haikutoka. Aliomba hivyo kwa muda mrefu, mrefu kuliko dua zote alizowahi kuomba mle ndani, machozi yakimshuka hadi kidevuni na yeye hayafuti. Wenziwe walikunjua viganja vyao pia. Midomo ilipotulia, waliitikia Amin kwa pamoja.

"Sijasikia, mama," Beryl alisema kwa upole. "Ulikuwa unasema nini?"

"Sikuwa nikisema nawe, mwanangu."

Bi Hasina alijipangusa uso, akaliendea rundo la mashuka. Msichana mpya alikuwa ameshashika ncha zake akimngoja.