Kibali cha Bukuru

Ansgar hakuwa mwongo. Alikuwa mwoga tu, na uoga ukilala kitanda kimoja na mapenzi, huzaa uongo bila hata kumwita mkunga.

Mchumba wake, Butoyi, alitoka Burundi. Alikuwa akiwapikia vijana wa karasha la Ansgar pale Nyarugusu ya Geita, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayonguruma kutwa, hata watu wa mtaa ule wamezoea kupayuka wakiwa kanisani. Alikuwa mtu wa mashoto. Mwiko kushoto, kisu kushoto, na akikusalimia, mkono wa kushoto ulitangulia kabla hajakumbuka adabu. Ansgar alimpendea hilo kabla ya kumpendea kingine chochote.

Shida ilikuwa moja. Pasipoti aliyoingia nayo nchini haikuwa yake. Ilikuwa ya pacha wake, Bukuru, aliyeikata kisha akafa kwa homa kabla ya kusafiri. Sura ile ile, tarehe ya kuzaliwa ile ile. Mpakani hakuna aliyeuliza.

"Niache nirudi nikakate yangu," Butoyi alimwambia walipoamua kuoana. "Miezi mitatu tu, Ansgar. Nitarudi."

Ansgar alikataa. Aliona akishavuka mpaka ndiyo basi tena, atapata wa kwao na yeye atabaki na vumbi lake. "Pasipoti si ipo?" akasema. "Tufunge ndoa kwa hiyo, tuombee kibali cha ukaazi kwa hiyo. Nani atajua?"

Akaenda Bukombe kumwarifu mama yake, Melania. Huyu mama alizaa Kulwa na Doto kabla ya kumzaa Ansgar, ndiyo maana nyumbani walimwita Shija, jina la mtoto anayefuata mapacha. Doto walimzika akiwa na miaka mitano. Melania alisikiliza habari ya pasipoti mpaka mwisho, akaacha kupepeta mchele.

"Ng'wanawane, mwanangu, mapacha hawaazimani majina," akasema. "Doto alipokufa, hakuna aliyethubutu kumwita Kulwa kwa jina la mwenzake, hata kwa kukosea. Ukimwita aliye hai kwa jina la aliyekufa, unamwonyesha yule wa chini mahali kiti kilipo."

"Mama, hiyo ni karatasi tu."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Tangazo la ndoa likabandikwa bomani Geita. Likakaa ubaoni siku ishirini na moja kama sheria inavyotaka: Ansgar wa Nyarugusu anakusudia kumwoa Bukuru wa Burundi, mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza kupinga. Siku ya ndoa, msajili alipouliza kama Bukuru anakubali, Butoyi alikawia. Aligeuka kwanza akatazama mlangoni, kisha ndipo akasema ndiyo. Akasaini kwa mkono wa kushoto.

Baada ya kupeleka maombi wakaambiwa maofisa wa Uhamiaji watakuja nyumbani kuhakiki kama ndoa ni ya kweli. Hapo ndipo Ansgar alipoanzisha mazoezi.

"Jina lako nani?"

"Bukuru."

"Sauti!"

"Bukuru."

Akapiga marufuku jina la Butoyi uani, mezani, hata chumbani. Vijana wa karasha nao wakaagizwa waseme shemeji Bukuru, na kwa wiki mbili jina lile liliitwa pale nyumbani zaidi ya lilivyowahi kuitwa mwenyewe akiwa hai.

Siku moja Enock, kijana wa karasha, akaja amenuna. "Bosi, shemeji kanipita kisimani sasa hivi, nimemsalimia kaninyamazia." Ansgar akamtazama mkewe, ambaye asubuhi nzima alikuwa mbele yake akikata mchicha. Siku nyingine mke huyo akapakua sahani tatu kwa watu wawili, na Ansgar alipomuuliza, akaikodolea macho ile ya tatu.

"Niite jina langu," alimwomba siku ile. "Mara moja tu, hata kwa kunong'ona. Ukiita lile lingine naona kuna mtu anainuka, mimi nabaki nimekaa."

Ansgar akafumbua kinywa. Alimpenda, na jina lilikuwa ulimini kabisa. Lakini maofisa walikuwa wanakuja Alhamisi. "Tukipata kibali," akasema, "nitakuita mpaka uchoke."

Alhamisi saa nne asubuhi akaja ofisa mmoja, mama mpole aliyeitwa Sesilia. Aliwauliza majirani, akatazama picha za harusi, akauliza maswali yote yaliyofanyiwa mazoezi na moja lisilofanyiwa.

"Kwenu Burundi, Bukuru ndilo jina la Kulwa, sivyo? Doto wako yuko wapi?"

Karasha likazimika ghafla. Kimya kikawa kikubwa mno, hata kuku walionekana kushtuka.

"Amekufa, afande."

"Pole sana. Aliitwa nani?"

Ansgar alitaka kukohoa, kumwaga chai, kufanya lolote. Hakufanya.

"Butoyi," mkewe akasema.

Sesilia akaandika. Akampa kalamu asaini, na yule mwanamke akaipokea kwa mkono wa kulia, akachora saini ya mteremko kama ile ya kwenye pasipoti, bila kusita.

"Na yule ndugu yenu nyuma ya nyumba," Sesilia akasema akifunga faili, "mbembelezeni. Analia kweli."

Ansgar alizunguka nyuma mbio. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwiko tu, umelazwa upande wa kushoto wa jiko, mpini wake umelowa.

Kibali kilitoka baada ya mwezi na nusu. Ansgar alikichukua Geita, akapanda bodaboda, akaingia uani akipunga ile karatasi.

"Butoyi! Butoyi, mke wangu, kimetoka!"

Mwanamke aliyekuwa jikoni hakugeuka. Alikuwa akisonga ugali kwa mkono wa kulia.

"Pole, mume wangu," akasema. "Butoyi amekufa. Si ulikuwepo nikiandikisha?"

Ansgar akalia, mtu mzima, mbele ya sufuria. Akawaza kukimbilia Uhamiaji akaungame, lakini angesema nini? Na wangemrudisha nani kwao? Miezi mitatu tu alimwomba. Angempa hiyo miezi, leo angekuwa naye, na pasipoti yake, na mashoto yake.

Akaenda ukutani, nyuma ya nyumba, mchana kweupe, akanong'ona lile jina alilokuwa amelinyima.

"Butoyi."

Kisha, kutoka kwenye kivuli cha ukuta, sauti anayoijua ikaitika taratibu, kama ya mtu aliyeambiwa asubiri nje:

"Abee."

Ansgar alinyoosha mikono yote miwili, ikagusa udongo. Kule jikoni mwiko ukagongwa kwenye sufuria, mara moja.

"Usimwite, mume wangu," mkewe akasema. "Huyo hana kibali."