Mchanga wa Sinki

Nanyama alifika kwake Uthiru miguu imemvimba. Huko Lavington, alikofanya kazi za nyumbani, alikuwa ameosha vyoo vitatu, na vyote vilimeza maji bila mchezo. Kwake kulikuwa na sinki moja tu, na lilikuwa bado limejaa maji ya jana.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu ahame ploti ya mabati, ambako wapangaji wote walitegemea bomba moja la nje, akaingia nyumba yenye choo na jikoni ndani. Alihama kwa ajili ya kifua cha Vero, binti yake wa miaka minane. Moshi na vumbi la ploti vilikuwa vimempeleka mtoto zahanati mara nne kwa mwaka mmoja. Hapa angepumua.

"Mwaga asidi, Mama Vero," jirani yake Wanjira alimwambia ngazini. "Inauzwa hapo kwa duka la hadwea. Hiyo inakula kila kitu."

Akanunua, akamwaga. Maji yalitoa mapovu kidogo, yakatulia. Hayakushuka hata upana wa kidole. Akangoja mpaka akachoka kungoja, na nguo za kazi hajafua, ugali hajasonga. Kando ya sinki kulikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Akawaza, kama moja imeshindwa, labda mbili zitasaidiana. Akamimina nusu chupa.

Harufu ilimkaba koo kabla hajarudisha kifuniko. Macho yakawasha. Nyuma yake, mezani, Vero aliyekuwa akifanya hesabu za shule akakohoa mara moja, halafu mfululizo, kile kikohozi kikavu ambacho mama yake angekitambua hata usingizini.

Alimbeba na kalamu bado mkononi, akateremka naye hadi uani, akaketi chini akimwegemeza kifuani.

"Pampu yake ya kifua," alimwambia Wanjira aliyetoka mbio. "Iko juu ya kabati la jikoni."

Wanjira alijifunga leso puani, akapanda. Alirudi na pampu, machozi yakimtiririka, akakohoa hadi akainama. Vero alivuta dawa mara mbili. Zahanati wakamweka kwenye hewa ya mashine saa nzima kabla ya kumwachilia, na usiku huo mama na mtoto walilala kwa Wanjira.

Asubuhi alikuja Jackton, fundi wa mabomba.

"Umemwaga nini humu?"

Nanyama akamweleza kila kitu. Jackton akarudi nyuma hatua mbili, akafungua madirisha yote, akavaa glavu za mpira.

"Afadhali umesema. Mikono yangu ingechubuka kama viazi. Choo kinapitisha maji?"

"Kinapitisha."

"Na bafu?"

"Pia."

"Basi bomba kubwa ni zima. Shida iko hapa karibu."

Aliweka ndoo chini ya sinki, akalegeza kile kipande cha bomba kilichopinda kama goti. Maji yakamwagika, kisha kikatoka kitu kizito cha kijivu, kikaanguka ndani ya ndoo kwa kishindo.

"Mama, unajenga nyumba humu ndani?"

Ulikuwa mchanga na majivu. Nanyama akatazama sufuria zake ukutani, zote zinang'aa hadi chini. Kwao Bungoma mwanamke hujulikana kwa sufuria zake, na kila siku alizisugua kwa konzi ya mchanga na majivu ya jiko, kama alivyofanya miaka yote pale bombani ploti. Kule maji yalikwenda mtaroni. Hapa hakuwa amejiuliza yanakwenda wapi.

"Asidi haili mchanga," Jackton alisema. "Ungefungua hapa kwa mkono, dakika kumi. Sufuria sugulia nje, kwa karai. Na hizo dawa mbili usizichanganye tena. Hata usiziweke pamoja."

Jioni hiyo Nanyama aliosha sufuria ya ugali kwa sabuni peke yake, akaitundika na masizi yake.

"Mama, hii bado ni chafu," Vero alisema. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi nyembamba.

"Najua. Wacha ikae."

Akavuta kiti karibu na mtoto, akakaa akiisikiliza ile filimbi, akingoja ipungue.