Mshumaa wa Chujio la Salvator

Chujio letu la maji lilikaa juu ya friji, na friji lilikaa sebuleni, kwa sababu mume wangu Salvator alitaka kila mgeni avione vyote viwili kabla hajakaribishwa kiti. Friji lilikuwa la mafuta ya taa, limechoka, linanuka utambi. Chujio ndilo lililokuwa fahari yake: madebe mawili ya aluminiamu yaliyokaa moja juu ya jingine, bomba dogo chini, na mimi nimelifunika kitambaa cha kufuma kama tunavyofunika redio. Unamimina maji ya kisima juu, yanapita taratibu kwenye mshumaa, ule mdude mweupe wa udongo wa kuchoma uliosimama ndani, yanadondokea debe la chini yakiwa safi. Hapo nayajaza kwenye chupa, chupa zinaingia kwenye friji. Mtaani kwetu hapa Mpanda hakuna aliyekuwa na maji kama yetu, na nilihakikisha wote wanalijua hilo.

Kulitunza ilikuwa kazi yake. Kila Jumamosi mchana, akitoka zamu stesheni, aliutoa mshumaa, akausugua kwa brashi, kisha akaugonga mara tatu kwa ukucha wa kidole gumba huku ameutegea sikio. "Mzima unalia," aliniambia. "Uliopasuka unakohoa." Halafu ananiomba bangili yangu ya shaba. Mshumaa ukisuguliwa unakonda, na siku utakapopita ndani ya bangili, alisema, ujue hauchuji tena, unatudanganya. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia mdude ule anaupapasa kuliko anavyonipapasa mimi.

Alifariki Machi 1996, kifua, baada ya wiki mbili za kuugua. Tulimzika Kabungu, shambani kwao. Kabla jeneza halijapigiliwa misumari nilivua bangili nikaiweka kwenye mfuko wa koti lake. Dada yake Prisila, aliyekuja kutoka Karema, aliniona.

"Wifi, hiyo si ya mama yako?"

"Ni yake huyu," nikamjibu. "Aliitumia kuliko mimi."

Sasa niseme kosa langu, maana ni langu, si la mtu mwingine. Ukoo wa mume wangu una desturi: maji yaliyokuwa ndani ya nyumba wakati mtu anakata roho hayanywewi. Yanamwagwa yote, nje, siku hiyo hiyo, ili aliyekwenda asiwe na kitu cha kurudia. Prisila alizunguka mwenyewe. Alimwaga mtungi, ndoo, madumu, birika, hata maji ya kuku. Chupa za kwenye friji alizimwaga. Chujio hakuligusa. Lilikuwa na kitambaa chake, picha ya marehemu imeegemezwa hapo, na kwa macho ya Prisila ilikuwa fanicha tu. Mimi nililiona, nikanyamaza. Sikusahau. Asubuhi ya siku aliyokufa, Salvator aliamka akishika ukuta, akalijaza kwa mikono yake, na sikuwa tayari kuyamwaga maji yake kabla sijamwaga machozi yangu.

Nyumbani tulibaki watatu: mimi, Prisila kwa muda wa msiba, na mjukuu wangu Upendo, miaka minne. Baba yake, mwanangu Damiano, anafanya kazi Kaliua. Mtoto aliletwa kwetu Januari, akashikwa na homa ya matumbo mpaka tukamkatia tamaa. Alipopona, tabibu alinikalisha chini. "Mama, utumbo wa huyu mtoto umechoka. Homa hii ikirudi, mimi sikuahidi kitu. Chemsha maji." Nilimwambia sisi tuna chujio. Nilimwambia kwa maringo, na leo naona aibu.

Prisila alikaa mwezi mzima. Siku anaondoka nilimsindikiza kwenye lori la Karema, na tulipokuwa tunasubiri lijae nikamshukuru kwa yote, pamoja na kulijaza chujio kila siku.

Akanigeukia. "Mimi? Si ulikuwa unajaza wewe?"

"Hapana, wifi. Mimi nilidhani wewe."

Akanisogelea. "Lile dude lenu mlilimwaga siku ya msiba?"

"Nililimwaga," nikasema. Ulikuwa uongo, na nilimwambia huku namtazama usoni. Lori likaondoka.

Nilirudi nyumbani nikalifunua chujio. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Nikatoa chupa sita, sikuongeza hata kikombe. Kesho yake likawa limejaa. Nikatoa chupa nane, nikawapa majirani, nikafunga mlango wa sebule kwa ufunguo, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Saa nane mchana, jua limelaza mtaa wote na hata kuku hawatembei, nikasikia kutoka juu ya friji: ko, ko, ko. Mara tatu, kwa ukucha, kutoka ndani.

Niliogopa kweli. Nilimbeba Upendo nikaenda kukaa kwa jirani yangu Nyanzala mpaka jioni, nikamwambia nyumbani kuna moshi. Lakini kesho yake mlio ule wa kugonga ulirudi, saa ile ile, na siku iliyofuata pia. Mjane anazoea upesi kitu chochote kinachompunguzia ukimya. Wiki ya pili nilikuwa nimeshasogeza kigoda karibu na friji. Nikisikia zile tatu, nilikuwa najibu. Nilimweleza Salvator habari za Damiano, bei ya mchele, nani kaozesha, nani kafumaniwa. Maji yalikuwa matamu, ya baridi hata kabla ya kuingia kwenye friji. Upendo alinenepa, na mimi nilifurahi, sifichi.

Mwezi wa sita ukaja na mabadiliko ambayo mtu mwenye akili angeyaona. Mlio wa kugonga haukuwa ule wa kulia tena. Ulikuwa mzito, mkavu, kama mzee anayesafisha koo. Na badala ya mara moja kwa siku ukawa mara tatu, mara tano, asubuhi nafagia, mchana napika. Chupa za kwenye friji zilianza kuwa na mstari mwembamba mwekundu chini. Nilijiambia ni kutu ya bomba. Nilijiambia Salvator ana maneno mengi siku hizi. Kulifungua lile chujio kulikuwa na maana ya kuyamwaga maji yake, na mimi niliapa sitayamwaga.

Jumatatu moja Upendo alikataa uji. Jumanne akawa wa moto. Jumatano alijikunja kitandani ameshika tumbo, na nilijua kabla sijafika kwa tabibu.

Tabibu hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alimpima, akampa dawa, akasema, "Tumeiwahi kidogo. Lakini akiendelea kunywa alichokuwa anakunywa, dawa hii ni kazi bure."

Niliporudi nilimlaza mtoto, nikapanda kwenye kigoda, nikatoa kitambaa na mfuniko. Maji ya juu yalikuwa mekundu. Chini yake kulikuwa na tope. Kisima chetu kikichafuka kinatoa uchafu wa kijivu, wa chokaa. Hili lilikuwa jekundu, zito, na lina harufu. Nimelima Kabungu miaka kumi na minane, udongo ule siwezi kuukosea hata nikifumba macho.

Nikatia mkono ndani kuutoa mshumaa, na vidole vikagusa kitu cha duara. Ilikuwa bangili yangu. Ilikuwa imepita mshumaa wote kutoka kichwani hadi chini, imekaa kwenye kitako kwa ulegevu. Ile niliyoitia kwenye mfuko wa koti, tukapigilia misumari, tukafukia.

Nilikaa sakafuni.  Niliugonga ule mshumaa kwa ukucha wangu nao ukakohoa, sauti ile ile niliyokuwa naizungumzisha tangu mwezi wa sita uingie. Kumbe hakuwa anapiga soga na mimi. Mtu wa watu alikuwa kazini. Alikuwa anachota alichonacho kule aliko, analijaza, anaupima mshumaa kama kila Jumamosi, na ananiambia: umekwisha, Scola, badilisha. Na mimi namweleza nani kafumaniwa.

Nilimwaga maji yale uani, nikalikausha chujio kwa kitambaa, nikachemsha mengine kwenye sufuria. Upendo akayatema. "Yana moshi, Bibi. Nataka ya Babu." Nilimbembeleza, akakunja mdomo. Nilipoenda msalani nikarudi nikamkuta amepanda kwenye kigoda, miguu inamtetemeka, ameshika kikombe chini ya bomba. Chujio lilikuwa limejaa tena, jekundu, na halikuwa hata na mshumaa. Nilikipiga kile kikombe kikaruka. Mtoto akalia, na mimi nikalia.

Ndipo nilipoelewa kwamba huyu mwanamume hataacha kujaza mpaka aone mshumaa mzima umekaa mahali pake. Hata alipokuwa hai ndivyo alivyokuwa. Kazi akiianza utamwita kula mpaka chakula kipoe. Nilimwita Nyanzala akae na mtoto, nikamwambia asimwache hata sekunde, nikaenda sokoni na mshumaa wa zamani kwenye kapu, bangili mkononi.

Duka la Telesfori ndilo pekee lililokuwa na vitu vya namna ile. Telesfori alifanya kazi na Salvator stesheni kabla hajaingia biashara. Akapanga mishumaa mitatu juu ya meza.

"Mama Damiano, yote inaingia. Parafujo ni saizi moja. Chukua huu, imported, ndio mzuri."

Ulikuwa mzuri kweli, mnene, mweupe kama sahani ya harusi. Nikajaribu bangili, haikupita. Nikaugonga: ukakohoa. Telesfori akasema ni baridi ya asubuhi tu. Nikamwambia mshumaa hauna mapafu. Wa pili ulilia vizuri, lakini bangili ikapita bila kugusa. Ulikuwa wa chujio dogo, si letu. Muda wote huo namwona Upendo na kikombe chake. Ningeweza kuchukua wowote nikakimbia, kwa kuwa yote ilikuwa inaingia.

Wa tatu ulikuwa kwenye boksi lililoliwa na panya, umegeuka rangi kuwa manjano, nembo haisomeki. Telesfori aliona haya kuuonyesha. Nikauvisha bangili, ikakwama kichwani pale pale. Nikauinua sikioni, nikaugonga mara moja.

Ukalia mara tatu.

Telesfori aliinama akaangalia chini ya meza. Akaangalia nyuma yangu. "Umegonga mara ngapi, shemeji?"

"Moja."

 Aliufunga kwenye gazeti, na nilipokuwa natoka nikamsikia anafunga mlango wa duka, saa tano asubuhi.

Nyumbani nililishusha chujio mwenyewe, nikaenda nalo mpaka njia ya nyuma ya nyumba, nikayamwaga yale maji kama Prisila alivyopaswa kuyamwaga. Hayakutuama. Ardhi iliyavuta mara moja, na haikubaki hata rangi. Nikalisugua kwa majivu, nikauchemsha mshumaa mpya, nikaufunga: washa, ile pete ya mpira, ndani, nati chini, kaza kwa mkono, usikaze kwa hasira. Hayo niliyajua kwa kumwona tu, na sikujua kama nayajua. Nikaliweka juu ya friji, nikamimina maji ya kisima chetu, ya kijivu.

Nikasimama mbele yake na bangili mkononi.

"Baba Damiano," nikasema, "nimesikia. Nimechelewa, lakini nimesikia. Mtoto nitamtunza. Usichote tena, pumzika."

 Kulikuwa na tone, kisha tone.

Upendo aliyanywa maji yale. Aliyakubali kwa kikombe cha kwanza, hakuuliza ni ya nani. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tisa aliomba ugali, akanigombeza kwa sababu mboga haina chumvi, na tabibu akasema mtoto anayegomba hana ugonjwa.

Lakini nataka niseme kuhusu siku ya tatu. Nilifungua bomba kujaza chupa, likatoa nusu kikombe, likapuliza hewa, likanyamaza. Nikafunua juu. Mshumaa ulisimama peke yake kwenye debe kavu. Miezi mitatu sikuwahi kukiona kitako cha debe lile. Siku ya mazishi nilishikiliwa na wanawake wanne na bado nililia kidogo kuliko nilivyolia pale, nimekumbatia chujio tupu, shavu kwenye aluminiamu.

Jumamosi yake, saa nane mchana, nilikaa kwenye kigoda nikasubiri. Jua lililaza mtaa. Nilisubiri mpaka nikamsikia Nyanzala anaita kuku wake. Hakuna kilichogonga. Basi nikautoa mshumaa, nikausugua kwa brashi yake, nikapima kwa bangili, haikupita. Nikaugonga mara tatu kwa ukucha wa kidole gumba, nikautegea sikio. Ulilia vizuri, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nikaurudisha, nikakaza nati kwa mkono, nikachukua ndoo nikaenda kisimani.