Karatasi ya Getini

Mwanamke nisiyemjua aligonga kioo cha kibanda changu kwa mpini wa kisu. Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1996, katika kiwanda cha minofu ya sangara pale Nyakato, ambako kazi yangu ilikuwa kuandika jotoridi la chumba cha barafu kila nusu saa. Shahada yangu ya hisabati ilikuwa sandukuni. Barua ya ajira ya serikali nilikuwa nimeingoja mwaka mzima.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Bado sijawa."

"Wenzangu wa meza ya kuchuna ngozi wanakuita hivyo. Wao wanakucheka. Mimi nina shida."

Aliitwa Paskazia. Alichomoa kikaratasi ndani ya buti lake. Jumatatu angefanya mtihani wa hisabati kwa mara ya tatu, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akifaulu, chuo cha ualimu kingempokea. Asipofaulu, alisema, atachuna ngozi za samaki mpaka vidole viishe.

Kilisomeka: fanksheni f inaongeza tatu, g inazidisha kwa mbili. Tafuta fg ya namba tano.

"Napata kumi na sita," akasema. "Kitabu kinasema kumi na tatu. Miaka miwili sasa tunabishana, mimi na kitabu."

King'ora kikalia. "Jumamosi saa sita, mapumzikoni, nyuma ya mapipa ya klorini," nikamwambia haraka. "Sitaondoka mpaka upate moja peke yako."

Ijumaa nikapata barua. Mkuu wa shule mpya ya binafsi huko Magu alitaka mwalimu wa hisabati. Jumamosi angekuwa kwenye hoteli karibu na kituo cha mabasi, mpaka saa saba. "Asiyefika," aliandika, "nitajua hana haja."

Kutoka kiwandani mchana haikuwa rahisi. Kwanza Yeremia, msimamizi, atie sahihi karatasi ya ruhusa. Ndipo mzee Josephat, mlinzi, afungue geti. Yeremia alisaini kwa shingo upande. "Mwisho saa saba. Ikipita hapo, fungia maandazi."

Nilipanga kumfundisha nusu saa, kisha nikimbie.

Jumamosi saa sita nilikuwa kwenye mapipa. Paskazia hakuja. Malori mawili ya samaki yalikuwa yameingia, na meza yao ikanyimwa mapumziko. Nilimwona kupitia mapazia ya plastiki, amebanwa katikati ya wenzake, kisu kikienda. Habari za barua yangu zilikuwa zimeshamfikia. Aliniona, akanyoosha kisu kuelekea getini. Nenda!

Nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete karatasi."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nje ya geti akina mama walikuwa wakipakia mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, kwenye mkokoteni, wakicheka. Nilitamani mno kuwa upande ule.

"Nimesahau kitu," nikasema.

"Ukirudi huko hutoki tena leo, kijana."

Meza yao ilipoachiwa mwishowe, Paskazia alinikuta mapipani saa saba kasorobo, aproni ikichuruzika maji.

"Kumbe huna akili kabisa!"

"Kaa, dada. Tuna dakika kumi na tano."

Hatukuwa na karatasi nyingine. Niligeuza ile ya ruhusa, nikaandika nyuma: J(Y(karatasi)).

"J ni Josephat, Y ni Yeremia. Nani anaanza?"

"Josephat. Si ndiye wa kwanza hapo?"

"Mpelekee Josephat karatasi isiyo na sahihi."

Akacheka. "Atanifukuza."

"Kwa nini?"

"Yeye hapokei karatasi tupu. Anapokea iliyotoka kwa..." Kidole chake kilichovimba kwa baridi kikagusa mabano ya ndani. "Yeremia yuko karibu na karatasi."

"Sasa ile tano."

"Iko karibu na g. Inakuwa kumi. Kisha f. Kumi na tatu!" Akalipiga pipa kofi.

"Hiyo tumepata sote." Nikamwandikia nyingine: f inazidisha kwa tatu, g inatoa nne, fg ya tisa. Nikageuka nisimwangalie.

King'ora kikalia. Hakuinuka, wala mimi sikuinuka. Ng'ambo ya ukuta basi la Magu lilipiga honi mara mbili, likaondoka.

"Kumi na tano," akasema taratibu. "Una swali?"

"Sina."

Alikunja karatasi ya getini, akaichomeka ndani ya buti, akakimbilia mezani. Saa saba na dakika nne. Nikarudi kibandani kuandika jotoridi.