Paka Asiye na Mtu

Sombe alikuwa hajakojoa tangu jana, na Spéciose alijua kwamba hilo si jambo la mchezo. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko mzee akiamka asubuhi na shuka kavu kupita kiasi, wauguzi huanza kukimbia.

Paka aliingia kwenye karai lake la mchanga, akachuchumaa, akalia kama mtoto, akatoka bila kitu. Akarudi tena na tena. Ilipofika mchana wa Jumamosi hiyo akaacha hata kurudi, akajilaza chini ya meza macho wazi. Huyu ndiye paka aliyepata jina lake kwa kutumbukiza kichwa chote kwenye sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo, siku ya kwanza alipoingia nyumbani. Sasa Inès, binti wa miaka kumi, alimwekea samaki mbele ya pua, naye hakutikisa hata sharubu.

"Mama, anakufa?" Inès aliuliza kwa Kiingereza. Watoto waliokulia Toronto ndivyo walivyo: unawasemesha Kiswahili, wanakujibu Kiingereza, na kila upande unaona mwenzake ndiye mgumu wa kuelewa.

"Hafi," alisema Spéciose.

Daktari wa mifugo wa karibu na jengo lao alikuwa ametaja kwenye simu gharama ambayo Spéciose aliomba airudie, akidhani Kiingereza kimempiga chenga. Hakikuwa kimempiga chenga. Lilibaki shirika moja la hisani lililokuwa na zahanati ya wanyama upande wa mashariki, na aliyejua njia ya kwenda huko ni Tharcisse, jirani yao wa ghorofa ya chini na shemasi wa kanisa lao, ambaye kila Jumamosi hupita hapo akienda kiwandani Pickering. Wakamlaza Sombe kwenye kikapu cha nguo chafu, wakamfunika kitenge, wakaingia kwenye gari. Inès alikaa nyuma amekipakata kikapu.

"Mama Inès, unisikie muzuri," alisema Tharcisse walipokwama kwenye foleni ya barabara kuu. "Kule usiseme paka ni yako. Sema ulimuokota mu barabara."

"Juu ya nini?"

"Juu ukisema ni yako, batakuuliza unatumika kazi wapi, unaishi na nani, bataomba makaratasi. Ukisema hana mutu, batamutunza bure. Umesahau kambini? Mwenye sufuria hakupewa sufuria."

Spéciose hakuwa amesahau. Asahau vipi? Kambini ukisema una ndugu, unaambiwa nenda kwa ndugu. Ukisema una turubai, hata kama limetoboka kama chekecheo, jina lako linarukwa. Aliyejifunza mapema kusema sina, ndiye aliyekula.

Lakini si hilo lililomtisha. Kilichomtisha ni maswali. Inès hakuzaliwa na Spéciose. Alizaliwa na Godelieve, dada mkubwa wa Spéciose, aliyefariki walipokuwa wanakimbia vita kutoka Uvira, kule Kongo, mtoto bado ananyonya. Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi karani hakuinua hata macho. "Huyu wako?" Spéciose alikuwa amesikia kwamba watoto wa ndugu hutengwa, hupewa faili lao, huachwa wangoje peke yao. Akasema, "Wangu." Neno hilo moja liliandikwa kambini, likapanda nao ndege, likaandikwa tena Kanada, na tangu siku ile hakuna mtu mwenye kalamu aliyemkaribia Spéciose bila moyo wake kwenda mbio. Aliamini kwamba siku neno lile litakapofumuka, watakuja watu wenye sauti za upole wamchukue mtoto. Na mtoto mwenyewe hakuwa ameambiwa. Akikua kidogo nitamwambia, Spéciose alijisemea kila mwaka, na kila mwaka akamwona bado mdogo.

Basi Tharcisse aliposema makaratasi, mjadala uliishia hapo.

Aliwashusha mlangoni akaenda zake kazini. Zahanati ilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kaunta ilikuwa na mwanamke mmoja tu, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo kifuani. Spéciose alikuwa amekariri sentensi yake ya Kiingereza njia nzima. Akaitoa yote kwa mkupuo: huyu paka si wangu, nimemwokota barabarani, anaumwa.

Nyuma yake alisikia kikapu kikigonga sakafu. Inès alikuwa amekitua.

"Tulia," Spéciose alimnong'oneza. "Usilie hapa."

Mwanamke wa kaunta akainua kichwa. "Ninyi mnaongea Kiswahili? Karibuni sana, mama. Mimi Mumtaz, kwetu Mwanza."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Spéciose alitokwa na kijasho chembamba. Uongo wa Kiingereza ni kama koti la kuazima, ukikubana unasema si langu. Lakini kudanganya kwa lugha uliyonyonya nayo, mbele ya mtu anayesikia kila pumzi yake, ni kazi nyingine kabisa.

"Umemwokota wapi?" Mumtaz aliuliza, akifunua kitenge.

"Mu barabara. Karibu na nyumba."

"Pole, we paka." Mumtaz alimgusa tumbo, na uso ukambadilika. "Huyu mkojo umemziba. Tumbo limekuwa gumu kama jiwe." Alibonyeza kengele, kijana wa kike mwenye magwanda ya kijani akatoka, akakibeba kikapu na kitenge na paka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Wakakaa kwenye viti vya plastiki. Spéciose aliutazama ule mlango. Alikuwa ameshinda, si ndivyo? Paka yuko kwa daktari, na hakuna aliyeuliza jina lake wala la mtoto. Mbona basi miguu haikutaka kutulia?

Baada ya muda Mumtaz alikuja, akaketi kiti cha jirani, akaongea taratibu kama mtu anayeongea na wafiwa.

"Mama, nikwambie ukweli. Daktari anamwekea mpira wa kutoa mkojo sasa hivi. Ukipita, vizuri. Usipopita ni upasuaji, na halafu matunzo ya wiki nyingi. Paka asiye na mtu hana wa kumpa hayo matunzo. Kwa hiyo usipopita, daktari atamchoma sindano apumzike. Asiteseke."

"Apumzike," Spéciose alirudia.

"Na akipona, atatafutiwa nyumba. Wewe umeshafanya wema wako, mnaweza kwenda." Akainuka, akarudi kaunta.

Inès alikuwa amesikia. Kiswahili chake cha kujibu ni kibovu, lakini masikio yake ni mazima. Hakulia. Alimgeukia Spéciose, akamtazama kwa namna ambayo Spéciose hakuwahi kuiona, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

"Umemwambia si wetu," alisema, polepole, kwa Kiingereza chake. "Ulisema haraka sana. Kama ni kitu rahisi."

"Nilisema vile bamutunze."

"Na mimi nikiumwa?"

Hofu ina ngazi zake, na Spéciose alidhani alishazipanda zote: hofu ya risasi, ya mto usiku, ya karani. Hii ilikuwa nyingine. Akaona kwamba anaweza kutoka mlango ule na makaratasi yake yote salama kwenye mkoba, na bado akawa amempoteza mtoto hapohapo, kwenye kiti cha plastiki.

Akasimama, akaenda kaunta.

"Mama Mumtaz. Nilikudanganya. Paka ni yangu. Anaitwa Sombe. Analala na mtoto. Usiache bamuchome."

Mumtaz aliinuka akaingia mlango ule karibu akimbie, na Spéciose akabaki ameganda, akingoja polisi, au mtu wa uhamiaji, au yeyote anayeitwa mtu anaposema uongo mbele ya kaunta.

Aliporudi alikuwa peke yake, anahema. "Nimemwambia daktari paka ana mwenyewe. Mpira bado haujapita, lakini hataacha." Kisha akavua miwani. "Sasa wewe mama, kwa nini? Tuna mfuko kwa ajili ya watu kama wewe hasa. Wenye paka, wasio na uwezo. Unajua tunavyogombana mkutanoni kuhusu huo mfuko? Wapo wachangiaji wanasema asiye na hela asifuge, tukimlipia tunamdekeza. Mimi nawauliza, ukimnyang'anya mtoto paka wake kwa kuwa mama yake hana kitu, hapo umemhurumia nani? Paka? Na mimi nagombana hivyo, halafu wenyewe mnakuja kunambia mmeokota."

"Niliogopa makaratasi."

"Karatasi ni moja tu. Ile ya posho ya mtoto kutoka serikalini, kuonyesha kipato. Unayo?"

Spéciose aliitembeza kwenye mkoba kila siku, kama wengine wanavyotembeza rozari. Maji ameshayavulia nguo. Akaitoa, akailaza kwenye kaunta, jina la Inès juu, na neno lile la kambini chini yake.

Mumtaz alisoma, akamtazama Inès kule kwenye kiti, akatabasamu kama wanavyotabasamu kina mama wote wa kwetu mbele ya mtoto wa mtu.

"Binti mzuri. Lakini hamfanani hata kidogo. Amefuata upande wa baba?"

Swali la barazani. Swali la kupitisha muda. Kwa miaka yote Spéciose alijiandaa kwa ajili ya maafisa wenye tai, akawa na majibu yao tayari, lakini hili hakuliwekea jibu. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekaa pale kwenye ulimi, nyepesi, haraka, kama kitu rahisi.

"Ni wa dada yangu," alisema. "Dada alikufa njiani. Niliandika ni wangu." Akaweka kidole juu ya jina la mtoto. "Ni wangu."

Mumtaz alitazama ile karatasi, kisha akaigeuza kifudifudi na kuisukuma irudi kwa mwenyewe. "Mimi hapa nahudumia paka," alisema kwa sauti ya chini. "Hayo mengine uliza mwanasheria, wapo wa bure, nitakupa namba. Lakini aliyemlea ndiye mama. Hata kwetu ndivyo."

Spéciose hakumsikia vizuri, kwa sababu aligeuka na kumkuta Inès amesimama nyuma yake. Tangu lini, hakujua. Alitamani sakafu ipasuke.

"Najua," alisema Inès. Kwa Kiswahili. Kilimtoka kipandekipande. "Mama Kisa wa kanisani alisema, zamani. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ukijua najua, utanirudisha."

Kumbe walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kila mmoja amebana pumzi ili asimwamshe mwenzake. Spéciose alimvuta mtoto kifuani. Alitaka kusema mengi, na yote aliyoweza ni, "Nikurudishe wapi? Wapi, Inès? Kwenu ni wapi kama si hapa kwangu?" akayarudia hayo mpaka Mumtaz akajifanya anatafuta kalamu chini ya kaunta.

Mlango ukafunguka. Yule kijana mwenye magwanda alitoka na Kiingereza cha haraka, na kwa woga Spéciose hakuambulia hata neno. Akamtazama Mumtaz.

"Amekojoa," Mumtaz alitafsiri. "Anasema amekojoa mpaka kwenye viatu vya daktari. Atakaa hapa siku mbili, halafu aende kwao."

Spéciose akakaa chini palepale sakafuni, penye chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani, iliyoletwa na viatu vya watu, akalia kwa ajili ya mkojo wa paka.

Kijana aliuliza jambo jingine, kalamu mkononi, na hili hata Spéciose alilielewa: mwenyewe ni nani? Moyo ulimwenda mbio kama kawaida yake. Lakini kabla hajainuka, Inès alikuwa ameshamwonyesha kwa kidole.

"Huyu," alisema. "Paka na mimi, wote ni wake."