Mstari wa Kwanza wa Mizabibu

Tangu arudi kutoka chuoni na shahada ya kilimo, ukoo mzima ulimwita Profesa, na kwa bahati mbaya alikwisha anza kuitika. Asubuhi hiyo alisimama, daftari mkononi, kwenye mstari wa kwanza wa shamba la mizabibu, mstari uliopandwa na baba wa babu yake. Mashina kumi na mawili yalikuwa yamejikunja kama wazee wanaotafuta miwani sakafuni. Jumatatu trekta lingekuja kuyang'oa, naye apande miche mipya ya kitalu. Mizabibu michanga ya mstari wa pili, iliyozaa vizuri, angeiacha.

Ridhaa ya familia alikwisha ipata. Alibaki shangazi yake, aliyeipogoa mizabibu hiyo kwa miaka arobaini, na ambaye sasa aliketi juu ya kreti lililopinduliwa akinoa mkasi.

"Kila shina linatoa vichala vitatu tu, shangazi."

"Na wewe umezaa wangapi?"

"Ninazungumzia tija."

"Nami pia, mwanangu."

Profesa alifunga daftari. "Najua utakaloniambia. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Sijasema. Na mbacha wenyewe umechakaa kweli." Shangazi alijaribu makali ya mkasi kwa kidole gumba. "Ng'oa. Ila kwanza shika jembe, chimba hapo, kati ya mzee huyu na yule mchanga unayempenda."

Alichimba ili yaishe. Karibu dhiraa moja chini, jembe liligota. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Tawi nene kama mkono wa mtu lilitoka kwa mzee, likapita chini ya udongo, likaibukia mstari wa pili. Mzabibu mchanga ulikuwa na mizizi yake mwenyewe, lakini michache na myembamba kama ndevu za Profesa.

"Nani alilifukia hili?"

"Mimi. Mstari wa pili ulipokauka, nililaza matawi ya wazee udongoni bila kuyakata. Shina mama hulilisha tawi mpaka lijitegemee. Mengine huchelewa." Akamtazama mpwawe toka juu hadi chini. "Tunayavumilia."

Alichimba pa pili, akachimba pa tatu. Kufikia adhuhuri suruali ilikuwa udongo mtupu, na daftari halikujulikana liliko. Kila tawi lilirudi kwa wazee wale wale. Angeng'oa mstari mmoja, akaua miwili.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungeniamini?"

Alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi."

Akampigia simu dereva wa trekta, akamwambia asije. Kisha akafukia mashimo yote, taratibu, kama amfunikaye mtu aliyelala. Mwishoni mwa mstari wa pili palikuwa na pengo. Shangazi akavuta tawi refu la mzee wa mwisho, akamkabidhi ncha yake.

"Haya, lilaze."

"Kina cha sentimita ngapi?"

"Profesa," alisema shangazi, "mlaze mtoto."