Msipite Chini ya Dirisha Lile

Maneno niliyapata kwenye benchi la nje ya geti la kituo cha kurekebishia watoto, pale tunapokaa sisi wazazi kusubiri kuitwa. Mama mmoja muuza ndala, ambaye mpwa wake yumo humo kituoni, aliniinamia sikioni.

"Inasemekana humu ndani kuna mtoto hataki kwenda kwao."

"Hataki vipi?"

"Hataki tu. Kila akikaribia kupewa ruhusa ya nyumbani, anaharibu. Makusudi! Walezi wenyewe wameshika tama." Akasonya. "Kuna nyumba zina mambo, mwenzangu. Mtoto mpaka aone heri kufungiwa kuliko kurudi kwao, huyo aliyemzaa ni mama au ni chui?"

Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Neno lile lilinifuata hadi kazini. Kazi yangu ni ya kufua mashuka ya hospitali, kuyapiga pasi na kuyakunja, na kila shuka nililolikunja siku hiyo lilikuwa na chui ndani. Lisemwalo lipo. Wenzake mwanangu walioingia nyuma yake walikuwa wameshakwenda kwao kusalimia wakarudi. Wangu hata mara moja. Nilikuwa najipa moyo kwamba pole pole ndio mwendo.

Mwanangu walimwita Sindano. Si mimi niliyemwita hivyo, ni vijana wakubwa wa mtaani, kwa ule wembamba wake. Walikuwa wanavunja kioo cha duka, wanampitisha yeye kwenye nafasi ambayo hata paka angefikiria mara mbili, kisha anawafungulia mlango kwa ndani. Siku polisi walipokuja wenye miguu mirefu walikimbia, ila nao hawakufika mbali. Wao wakapelekwa kituo cha vijana wakubwa, safari ya kutwa nzima kutoka kwetu. Wangu kwa umri wake akaletwa hiki cha hapa mjini. Lakini niliambiwa wazi: akitimiza miaka kumi na sita bila kufika rangi ya kijani, naye atahamishiwa kule. Kwa wale wale waliompitisha dirishani.

Kwa ambaye hajafikwa, nieleze hiyo kijani. Kituo chetu hakichapi mtoto. Kinahesabu. Ukitandika kitanda, alama. Ukijibu kwa adabu, alama. Ukitukana, ukipigana, ukichelewa mstarini, unakatwa. Alama zikijaa unabadilishiwa utepe wa mkononi: unaanza na mweupe, unakuja wa njano, unamalizia na wa kijani. Mwenye mweupe na mwenye njano wanalala bweni la barabarani, godoro jembamba, mpira hakuna, runinga wanaisikia ukutani tu. Mwenye kijani anahamia bweni la ndani, nyuma ya bustani. Kule godoro ni nene, jioni kuna mpira, na mtoto akitulia ndipo anapopewa ruhusa ya kwenda kwao. Mpango huo niliupenda na hata leo siukatai. Nyumbani mimi nilikuwa nampiga Jumatatu kwa kosa nililolicheka Jumapili. Pale angalau mtoto anajua kafanya nini na atapata nini.

Sasa, bweni la barabarani lina dirisha ghorofani linalochungulia juu ya ukuta, na njia yangu ya kazini inapita chini yake. Siku ya kwanza ya wageni mwanangu aliniambia, "Mama, asubuhi huwa nakuona. Ila watu wengi, mara nyingine nakupoteza."

Mzazi gani angelala na neno hilo? Nilikwenda nikanunua mwavuli mwekundu. Tangu hapo, jua liwake lisiwake, nikifika kona ya fundi baiskeli naufungua, nikimaliza ukuta naufunga. Fundi alinichoka.

"Mama Mvua! Leo inanyesha wapi, kichwani kwako peke yako?"

"Wewe ziba pancha, mambo ya mbinguni niachie mimi."

Na kule juu, taulo la bluu linatoka kati ya nondo, linapunga mara moja, linarudi ndani. Basi. Siku yangu imeshakaa sawa, hata chai naweza nisinywe.

Siku ya wageni iliyofuata baada ya maneno yale ya benchini, nilipoitwa ndani sikwenda kukaa kwanza. Nilimtafuta mlezi wa bweni lao, dada mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mama, mtoto wako si mkorofi," aliniambia. "Hapigani, hana matusi. Lakini kila alama zake zikikaribia kijani, asubuhi inayofuata kitanda hakijatandikwa. Shuka linaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nikienda kumkata alama, hata habishi. Ni kama alikuwa ananisubiri."

Shuka! Mwanangu huyu, kabla hajajua kuandika jina lake, alikuwa akinishikia ncha mbili za shuka mimi nikishika mbili, tunakutana katikati, tunacheka. Anajua kukunja pembe ya shuka la hospitali ikakaa kama bahasha. Angeanza kukosea jina langu kabla ya kukosea kitanda. Kwa hiyo chui wa benchini nilikuwa mimi.

Nikamkuta kwenye chumba cha wageni, mkononi utepe wa njano, magoti yamepita meza.

"Baba, niambie ukweli. Nyumbani kuna kitu gani unakiogopa?"

"Hakuna."

"Ni mjomba wako na maneno yake?"

"Mama! Mjomba anaongea tu yule."

"Basi ni mimi. Nilikuwa nakupiga sana."

Akacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. "Ulikuwa unapiga kama mtu anayefukuza nzi."

"Sasa nini, mwanangu? Shuka unalijua kuliko huyo mlezi."

Akaanza kukwangua meza kwa kucha. Akakwangua weee, mpaka nikamshika mkono.

"Kule bweni la ndani," akasema, "madirisha yote yanatazama bustani."

"Bustani si nzuri?"

"Hakuna barabara, mama."

Nitasema kweli, moyo wangu ulicheka kabla haujalia. Godoro nene, mpira, runinga, ameviacha vyote kwa ajili ya mwavuli. Ni nani mwingine duniani aliyewahi kunipenda namna ile? Halafu ndipo nikakumbuka kwamba miaka kumi na sita yake imeshakaribia, na kule mbali wako wale wale waliompitisha dirishani.

Mlezi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Na mimi nimehangaika kufikiria nimwongezee nini ili apande," akasema taratibu. "Kumbe kuna mtu anampa zawadi bure kila asubuhi. Kitu cha bure sina pa kukikata."

"Basi mpe kijani, umwache abaki na dirisha lake."

"Mama, kila mtoto akichagua pa kulala, hiyo kijani itabaki na kazi gani? Wenzake nitawaambia nini?"

Sikubishana. Angekuwa mtoto wa mwenzangu ndiye anayependelewa, benchini ningekuwa wa kwanza kusonya.

Nikamgeukia mwanangu. "Kuanzia kesho sipiti tena pale."

"Unanitania."

"Sikutanii, baba. Nitazungukia kwa wapasua mbao."

Uso wake ukawa mdogo, ukarudi miaka mingi nyuma. "Mama, usinifanyie hivyo. Adhabu zao zote nimezimudu. Hiyo siiwezi."

"Si adhabu."

"Kwani adhabu inakuwaje?"

Nilimwachia mfuko wa matunda mezani nikatoka, na pale nje muuza ndala aliponiuliza za ndani, nilimwambia nzuri.

Njia ya wapasua mbao ni ndefu na ina vumbi la kukohoza. Ndiyo niliyopita. Mwanangu naye hakunyamaza. Nilisikia amevunja sahani, nikasikia amemjibu mkuu wa kituo vibaya, nikasikia amerudishwa kwenye utepe mweupe, na siku ya wageni ilipofika nikaambiwa getini kwamba wangu amefungiwa wageni. Ukitaka kujua uchungu wa mwana, beba chakula chake mpaka getini halafu ukirudishe kwa mkono ule ule.

Nikiwa bado nimekaa pale na sufuria langu mapajani, muuza ndala akaniambia, "Umeliona lile dirisha? Kuna taulo la bluu limetundikwa siku zote. Limekauka mpaka limekuwa kama kadibodi. Mtoto yule hana mama?"

"Anaye."

"Sasa yuko wapi?"

"Anazunguka."

Akanitazama. Sidhani kama alielewa, lakini tangu hapo hadithi ya chui hakuirudia mbele yangu.

Kuna asubuhi moja ilinyesha mvua ya kweli. Kwa wapasua mbao palikuwa tope la magoti. Miguu yangu yenyewe ilinipeleka njia ya zamani, nikajiambia nina haki, mvua haina mwenyewe. Nikafika kwenye kona, mwavuli mkononi.

"Mama Mvua!" fundi baiskeli akapiga kelele kutoka kibandani. "Leo ndiyo yako sasa! Fungua!"

Hatua chache mbele yangu ulianza ukuta. Nilijua nikifungua, kuna mtu atakimbilia nondo. Nilisimama pale, mvua inanipiga, mwavuli umefungwa, maji yananiingia shingoni yanatokea miguuni. Fundi akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, una nini?" Nikageuka nikarudi nilikotoka. Kazini waliniuliza kama nimeanguka mtoni.

Halafu taulo likatoweka. Muuza ndala ndiye aliyekuja kuniambia hadi nyumbani: dirishani sasa kumetundikwa soksi za mtoto mwingine. Kutoka bweni lile kuna njia mbili tu, ya bustanini na ya kule mbali, na umri wake ulikuwa umebakiza kidogo. Nikaenda getini na siku hiyo haikuwa ya wageni.

"Mama, leo si siku," bawabu akasema.

"Siingii. Niambie tu, Sindano yuko wapi?"

"Sindano?" Akaniacha nikiwa roho juu, anatafuta funguo zake kwanza. "Yule alianza kutandika kitanda, alama zikajaa; siku hizi ni mtu wa bustanini. Jana kafunga mabao, mdomo hauzibiki. Mwambie aache majivuno."

Nikakaa kwenye benchi lile tupu, nikalia mpaka bawabu akaniletea kiti chake, kana kwamba shida yangu ilikuwa benchi.

Ruhusa yake ya kwanza alikuja na utepe wa kijani na begi dogo. Aliniomba ruhusa ya kunywa maji. Maji ya mtungi wetu! Kitanda alikitandika kabla sijaamka, pembe kama bahasha. Nikamuuliza, "Ulinichukia?"

"Nilijua hupiti," akasema. "Ulishaniambia. Nilikuwa natazama tu."

Asubuhi nikijiandaa kwenda kazini alinishika mkono mlangoni. "Mama, mwavuli."

"Kuna jua, baba."

"Ndiyo."

Nikaufungua pale pale kwenye jua, majirani wakitazama. Nilitembea mpaka mwisho wa mtaa ndipo nikapata ujasiri wa kugeuka. Alikuwa amesimama kwenye dirisha letu, mkono juu, ule utepe unaonekana. Aliushikilia juu mpaka nikakata kona.

Amesharudi kituoni kumalizia. Bado nazunguka kwa wapasua mbao. Ninyi mnaokaa kwenye benchi lile, shikeni haya:

Msipite chini ya dirisha lile siku isiyo ya wageni, hata kama barabara ni ya wote.

Msinunue kitu cha kuwafanya muonekane.

Msimpe mtoto zawadi ambayo mlezi wake haijui.

Msimcheke mtoto asiyetaka kwenda kwao kabla hamjaulizia wa kwenu.

Mkiacha kupita, msirudi siku moja kuonja, hata ikinyesha.

Msimwambie mtoto kwamba si adhabu. Mwambieni ni adhabu, na kwamba mnaitumikia pamoja.

Msitupe mwavuli.